Mstari Uliozuia Malori

Nilianza kazi katika ofisi ya kompyuta ya kampuni ya chai kama mpiga kadi. Ilikuwa miaka ya sabini, na hapo Kericho ni watu wachache waliokuwa wameiona kompyuta kwa macho. Yetu ilikaa peke yake kwenye chumba chenye feni, sakafu inayong'aa na mlango ambao lazima uufunge nyuma yako, maana vumbi na unyevu vilikuwa adui zake. Sisi wapiga kadi tulikaa chumba cha pili, kwenye baridi, na sweta zetu.

Mimi ni mtoto wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya chai. Wazazi wangu walihama kutoka milima ya Kisii kabla sijazaliwa. Baba alinyausha majani kiwandani na mama alichuma chai. Nilipomaliza kidato cha nne mama aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, usinifuate na kikapu mgongoni." Kwa hiyo siku nilipopata kazi ya kukaa kitini, alinishonea blauzi mbili kwa mkono wake, na akaniombea mbele ya kanisa zima hadi nikaona haya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Makarani wa mashamba walileta karatasi zilizoandikwa jina la kila kipande cha shamba na majani yanayotarajiwa kuchumwa humo wiki inayofuata. Mimi nilisoma karatasi, nikabonyeza herufi, na mashine ikatoboa matundu kwenye kadi ngumu. Kadi ile haikwenda kwenye kompyuta moja kwa moja. Ilipewa kwanza msichana aliyekaa karibu yangu, naye akabonyeza maneno yaleyale kutoka karatasi ileile. Herufi yake isipolingana na tundu langu, mashine yake ilijifunga na taa nyekundu ikawaka.

Msichana huyo alikuwa Mkipsigis wa upande wa Mogogosiek, binti wa mkulima mwenye chai yake mwenyewe na ng'ombe wa maziwa. Mwanzoni sikumpenda. Kila taa ilipowaka niliona kama ananiaibisha.

"Unafurahi nikikosea," nilimwambia siku moja.

Alinitazama kwa mshangao. "Mimi? Wakati mwingine ni mimi ninayekosea, na wewe uko sawa. Taa haisemi ni nani. Inasema tu tuangalie tena."

Tangu siku hiyo tulikula chakula cha mchana pamoja. Yeye alileta mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye chupa, mimi nikaleta ndizi za kuchemsha.

Mkubwa wetu tulimwita Mwalimu, kwa sababu alitufundisha. Alikuwa mtu wa Fort Ternan, mtoto wa mfanyakazi wa stesheni, na kazi ya kompyuta alikuwa ameisomea Nairobi. Alipotafuta watu wa kumsaidia kuandika programu, aliwapa wapiga kadi wote mtihani wa kufikiri, mafumbo ya mpangilio na hesabu ndogondogo. Mimi na rafiki yangu tukapita. Wanaume kadhaa wa ofisi ya uhasibu hawakupita, na kwa muda fulani hawakutusalimia.

Mwalimu alifundisha polepole. Programu tuliiandika kwa penseli kwenye karatasi yenye miraba, mstari mmoja mmoja, kisha kila mstari ukawa kadi. Rundo la kadi lilipelekwa kwa mwendeshaji wa kompyuta, nasi tukangoja jibu hadi kesho yake. Ukisahau nukta moja, umepoteza siku nzima. Ndiyo maana alitukataza kupeleka kadi kabla hatujaipitia programu kwa mkono.

"Kuwa wewe mashine kwanza," alituambia. "Chukua karatasi, andika majani ya kipande hiki ni kiasi gani, halafu fuata mstari kwa mstari. Usifanye lile ulilokusudia. Fanya lile lililoandikwa."

Ilikuwa kazi ya kuchosha sana. Mtu husoma alichotaka kuandika, hasomi alichoandika. Kwa hiyo mimi na rafiki yangu tulibadilishana. Mimi nilisoma zake kwa sauti, naye akasoma zangu. Mara nyingi kosa lilijitokeza mdomoni mwangu, katikati ya sentensi, kabla yeye hajasema lolote.

Programu kubwa kuliko zote ofisini ilikuwa ile ya malori. Kila mwisho wa wiki ilichapisha ratiba: lori gani liende kipande gani, lipitie barabara ipi, lipeleke majani kiwanda kipi. Aliyeiandika alikuwa Mzungu mmoja aliyekwisha kurudi kwao. Hakuacha maelezo. Mistari yake iliruka mbele, ikarudi nyuma, ikaruka tena, na ukigusa mahali pamoja, mahali pengine palilia. Mwalimu mwenyewe aliikaribia kwa adabu, kama mtu anayepita karibu na ng'ombe asiyemjua.

Mwaka mmoja kampuni ilifungua kiwanda kipya. Meneja alitaka kiingizwe kwenye ratiba haraka, kabla ya mvua ndefu. Mwalimu aliomba muda akanyimwa. Akaongeza kadi zake kwa uangalifu, akazijaribu kwa kipande kimoja, zikakubali. Ratiba ikatoka, malori yakaondoka.

Wiki hiyo mvua ilinyesha vizuri na chai ikachipuka kuliko kawaida. Siku ya pili simu zikaanza kulia. Kwenye kiwanda kipya malori yalipangana hadi nje ya geti. Upande wa pili wa bonde kulikuwa na kituo cha kupimia ambacho hakikuona lori hata moja. Majani yalikaa kwenye magunia, yakapata joto, yakaanza kuwa mekundu. Majani ya chai yakishapata joto hivyo hayana kazi tena. Yalimwagwa.

Niliporudi nyumbani jioni hiyo nilimkuta mama ameketi mlangoni, viatu vya mpira bado miguuni. Kituo kile kilikuwa chake.

"Tumechuma tangu asubuhi na mvua mgongoni," alisema. "Tukapima. Tukangoja. Halafu nyapara akatuambia tumwage shimoni, kwa mikono yetu wenyewe."

"Watu wanasema ni mashine. Ni ile yenu?"

"Ndiyo, mama."

"Haijui kwamba sisi tuko pale?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hilo lilinichoma zaidi. Nilikuwa nimezoea kuona majina ya vipande vya shamba kama matundu kwenye kadi. Usiku ule niliyasikia yale majina kwa sauti za wanawake waliochuma humo.

Kesho yake meneja alituita. Swali lake lilikuwa moja: nani amefanya hivi?

"Kadi zile nimeandika mimi," Mwalimu alijibu. "Lakini ukinifukuza leo, programu itabaki vilevile. Kwanza tuone kosa limepita wapi."

Meneja alikasirika, ila hakuwa na mtu mwingine. Akatupa nafasi.

Tulifunga mlango, tukaifuata programu kwa mkono, sisi watatu, mmoja akisoma, mmoja akiandika, mmoja akiuliza. Rafiki yangu ndiye aliyeliona. Vipande viwili vya shamba, kimoja ng'ambo ya bonde na kingine karibu na kiwanda kipya, vilikuwa na majina yanayoanza kwa herufi zilezile. Yule Mzungu, ili kuokoa nafasi, aliifanya programu isome mwanzo wa jina tu. Zamani haikuleta shida, maana vipande vyote viwili vilipeleka majani kiwanda kimoja. Kiwanda kipya kilipoingia, programu iliona kipande kimoja badala ya viwili, ikayatuma malori yote upande wa kiwanda kipya. Kadi za Mwalimu hazikuwa na kosa lolote zikisomwa peke yake.

Nilitegemea Mwalimu afurahi. Badala yake alivua miwani akaiweka juu ya karatasi.

"Ningeangalia mwaka mzima kazi yangu mwenyewe, nisingeliona," alisema. "Programu hii hatutaishona kiraka tena. Tutaiandika upya."

Meneja alitaka irekebishwe papo hapo. Walibishana mlango ukiwa wazi, nasi tukajifanya tunapanga kadi. Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema atarekebisha lile jina leo, ratiba za wiki zitakaguliwa kwa mkono kabla hazijatoka, na hiyo programu mpya itakuja ikiwa tayari. "Nikikupa kabla haijawa tayari," alisema, "utanilaumu, na utakuwa na haki." Meneja aliondoka bila kuaga. Mwaka huo cheo alichokuwa akikitarajia Mwalimu alipewa mtu mwingine. Hakutuambia sababu, nasi hatukuuliza.

Programu mpya tuliigawa vipande vidogo. Kipande kimoja kilisoma kadi na kuhakikisha kila jina limekamilika, kingine kilipima njia, kingine kiligawa malori, kingine kilichapisha. Sheria ya Mwalimu ilikuwa kwamba kila kipande kiweze kuelezwa kwa sentensi moja. Ukihitaji kusema "na pia", kigawe tena. Rafiki yangu aliipenda sheria hiyo kupita kiasi, akagawa mpaka Mwalimu akamwambia, "Sasa unakata kitunguu."

Kisha tukatengeneza kadi za kujaribia. Hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii kwa moyo. Tulikaa tukijiuliza ni nini kinaweza kutokea huko mashambani. Mvua ya mawe ikipiga kipande kizima, majani yatakuwa sufuri, je, programu itatuma lori likachukue hewa? Daraja likisombwa? Karani akiandika kipande ambacho hakipo? Jioni nilimuuliza mama, naye akaniongezea mambo ambayo sikuyafikiria: siku za maziko makubwa watu huwa wachache, na kuna kona moja ambapo malori mawili hayapishani. Kila jambo likawa kadi, na kando ya kila kadi tuliandika jibu tunalotarajia kabla ya kuiendesha. Mwalimu alisisitiza hilo. Alisema mtu akiona jibu kwanza, atajishawishi kwamba ndilo alilolitaka.

Kadi hizo hatukuzitupa. Zilikaa kwenye sanduku maalumu, na kila tulipobadilisha kitu, hata kidogo, zilipita zote tena.

Katika kuisoma programu ya zamani tulikuta mstari wa ajabu. Ulisema: kama barabara ni ya saba na siku ni ya nne, ruka. Hakukuwa na neno lingine. Barabara ya saba ilikuwa ile ya chini, fupi na nzuri. Tuliujadili, tukaona ni mabaki ya jambo la zamani, pengine matengenezo ya barabara yaliyokwisha. Hatukuuweka kwenye programu mpya.

Programu ilipomalizika, Mwalimu hakuizima ya zamani. Aliziendesha zote mbili kwa kadi zilezile, wiki baada ya wiki, tukalinganisha ratiba mstari kwa mstari na rula juu ya karatasi. Malori yaliendelea kufuata ile ya zamani. Tulikuta tofauti kadhaa, na nyingi zilikuwa makosa ya zamani ambayo madereva walikuwa wameyazoea. Halafu tukafika Alhamisi, ambayo kwa programu ilikuwa siku ya nne, kuanzia Jumatatu. Ya zamani ilituma malori kwa barabara ya juu, yenye kuzunguka. Mpya iliyapitisha barabara ya saba, na safari ikawa fupi sana.

Meneja alipoiona alichangamka kwa mara ya kwanza. "Basi mpya ni bora! Tuanze wiki ijayo."

Kusema kweli nami nilitaka tuanze. Tulikuwa tumechoka. Lakini rafiki yangu alikuwa ameweka kidole kwenye karatasi, hakiondoi.

"Ni Alhamisi tu," alisema. "Siku zingine zote zinalingana."

"Kwa hiyo?" meneja aliuliza.

Mwalimu ndiye aliyejibu. "Kwa hiyo hatuijui sababu. Tofauti ambayo hatuwezi kuieleza, bwana, siwezi kuiita faida."

Alhamisi iliyofuata tulipanda lori tupu, mimi na rafiki yangu, tukamwomba dereva apite barabara ya saba. Dereva alikuwa mgeni, amehamishwa kutoka upande mwingine wa mashamba, na alifurahi kupita njia yenye lami. Asubuhi ilikuwa safi, chai inang'aa baada ya mvua ya jana. Tulikwenda vizuri, tukicheka, hadi tulipopinda kona ya mwisho kabla ya senta, mji mdogo wa maduka kando ya barabara.

Barabara ilikuwa imejaa ng'ombe.

Hawakuwa wachache wa kuvuka. Walijaza lami na kando zote mbili, na nyuma yao mbuzi na kondoo, na wanaume wenye fimbo waliokuwa wametembea nao kutoka upande wa Mulot. Senta ilikuwa na soko la mifugo kila Alhamisi. Upande wa Mogogosiek soko ni siku nyingine, na mimi wa laini sikuwa na ng'ombe wa kuuza, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyekuwa na sababu ya kujua. Dereva alipiga honi. Fahali mmoja akageuka kututazama, akabaki papo hapo.

"Unaharakisha kwenda wapi, wewe?" mzee mmoja alimuuliza dereva kwa Kiswahili chake kizito. "Leo ni siku ya ng'ombe."

Rafiki yangu alinigeukia, mkono mdomoni. "Ruka," alisema. "Yule Mzungu alituambia turuke!"

Tulicheka mpaka dereva akatushuku. Tukakaa hapo hadi jua likawa kali, tukanunua mahindi ya kuchoma, na nikawaza yale malori yangekuwa yamejaa majani, yamesimama mahali hapo, joto likiingia kwenye magunia. Kicheko kikaniisha.

Mwalimu alisikiliza hadithi yetu mpaka mwisho. Hakutukemea. Alisema tu yule Mzungu alijua, akaandika amri bila kuandika sababu, na kwa hivyo ujuzi wake ulipanda ndege pamoja naye. Tuliurudisha mstari. Rafiki yangu aliweka juu yake kadi za maelezo, ambazo kompyuta huziruka lakini mtu huzisoma: Alhamisi kuna soko la mifugo kwenye senta, barabara ya chini haipitiki hadi alasiri, tumeona wenyewe. Nami nikaongeza kadi ya kujaribia ya siku ya soko.

Meneja aliposikia, aliweka kalamu yake chini. "Mistari mingine kama hiyo iko mingapi?" aliuliza.

"Hatujui," Mwalimu alisema. "Ndiyo sababu bado tunaendesha zote mbili."

Safari hii meneja hakubisha. Aliagiza mtu atuletee chai.

Programu mpya ilianza kazi baada ya mvua ndefu, mashamba yalipotulia. Msimu uliofuata majani yalikuja kwa wingi, na malori yakafika. Hakuna aliyetupongeza, kwa sababu hakuna kilichotokea, na nilichukua muda kuelewa kwamba huko kutotokea ndiko tulikokufanyia kazi. Mama alisema tu kwamba siku hizi lori halichelewi, kisha akaniuliza kama nimeleta sukari.

Mwalimu alirudi Nairobi mwaka mwingine, akaenda kufundisha vijana. Nafasi yake alipewa rafiki yangu, nami nikawa chini yake. Sitasema haikuniuma. Iliniuma wiki kadhaa, na yeye alijua, na hakunibembeleza. Aliniita tu asubuhi moja akaniambia kampuni inataka programu ya stoo ya mbolea iandikwe upya, na kwamba ana karatasi za ile ya zamani.

"Tuanze kuzisoma?" niliuliza.

"Zisubiri. Chukua koti lako."

Tulitembea hadi stoo, mabati yakilia kwa mvua. Ndani mlinuka mbolea mpaka nikapiga chafya mfululizo. Tuliomba viti, tukaketi kwenye pembe ambapo hatutazuia mtu, tukatazama magunia yakiingia na kutoka. Karibu na mlango kulikuwa na rundo moja lililotengwa na mengine, ambalo kila mtu alilizunguka bila kulitazama. Rafiki yangu alinigusa kiwiko. Mwenye stoo alipopumzika kidogo, nilisimama nikamwendea.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Samahani kukusumbua. Hili rundo la hapa mlangoni, kwa nini halichanganywi na mengine?"

Akavuta gunia moja tupu, akalikunja, akanionyesha nikae. "Hiyo," alisema, "ni hadithi ndefu kidogo."

Nikakaa.